Swali la Jumanne: uchambuzi wa kisa cha baba, kijana na Nasadiki

Familia hii ukiitafuta Unguja hutaipata. Kisa tumekishona kwa mambo yanayojirudia katika nyumba za Wakristo visiwani. Tumekiweka mwaka 2025 kwa makusudi, maana mwaka ule kalenda yenyewe iliingia ndani ya kisa: Ramadhani iliandama mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, ikawa tarehe 5 Machi. Funga mbili zikaenda sambamba katika mtaa mmoja. Nyumba tunayoisema iliiona moja tu, tena ya jirani.

Nyumba yenyewe iko Tomondo. Baba ni mpishi katika hoteli ya Kiwengwa, upande wa mashariki wa kisiwa. Hulala huko huko kwenye vyumba vya wafanyakazi, hurudi nyumbani Jumatatu usiku na kuondoka Jumatano alfajiri, kwa hiyo siku yake ya mapumziko ni Jumanne na misa ya Jumapili humpita mara nyingi. Mama hupika vitumbua na kuviuza barazani asubuhi. Watoto ni wawili: kijana wa miaka 14 aliye Kidato cha Pili, na mdogo wake wa kike wa miaka 9. Ni Wakatoliki, na kijana alikuwa katika mafundisho ya kipaimara kila Jumamosi. Darasani kwake skuli, Wakristo walikuwa wawili.

Dakika nne za tarehe 18 Machi

Ilikuwa Jumanne, jua linakaribia kuzama. Jirani, mama mtu mzima, alileta sahani ya futari kama afanyavyo kila mwaka: muhogo wa nazi, kipande cha samaki, tambi pembeni. Akasema kwa furaha kabisa, "Mwanao leo siku ya pili kafunga na wenzake, mashallah." Baba alipokea sahani, akashukuru, akaingia ndani. Alikuwa hajui lolote.

Kijana alikuwa uani. Alipomwona baba akaona afadhali alitoe lililomkaa kifuani kwa wiki nzima: "Baba, hivi kwa nini sisi tunasema Mungu ana Mwana? Wenzangu wananisomea hakuzaa wala hakuzaliwa, wananiuliza, nami sina la kusema."

"Kakufundisha nani maneno hayo?"

"Hakuna mtu, baba."

"Hakuna mtu! Na kufunga nako hakuna mtu? Lete hiyo simu."

Kijana akaleta simu. Baba akapiga marufuku kukaa baraza ya rafiki zake mpaka Idd ipite. Usiku, kwenye sala ya pamoja, akaomba kwa sauti: "Bwana, mfungue mwanangu na roho ya upotevu." Kila mtu akasema amina, na kijana naye.

Hakuna aliyepigwa. Hakuna tusi lililotoka. Mzazi yeyote akisimuliwa usiku ule atasema ulikuwa ukali wa kawaida wa baba anayeipenda nyumba yake, na kweli aliipenda. Lakini tangu siku ile mpaka katikati ya Juni, kijana hakumwambia baba yake sentensi moja aliyoianzisha mwenyewe. Akiitwa, "Naam baba." Akiulizwa, "Ndiyo baba." Akitumwa, anakwenda. Adabu ilikuwa kamili, na ndiyo iliyowapumbaza wazazi. Kwa adabu zetu mtoto aliyenyamaza huonekana ametulia, na "naam" inaweza kuwa heshima au ikawa mlango uliofungwa kwa komeo. Ukitaka kujua ni ipi kati ya hizo mbili, jiulize lini mara ya mwisho mtoto huyo alikuja kukwambia jambo ambalo hukumwuliza.

Swali lililojibiwa silo lililoulizwa

Kijana aliuliza "kwa nini". Baba akajibu "nani". Neno moja tu, na mazungumzo yakageuka kesi. "Kwa nini" hutafuta maana. "Nani" hutafuta mkosaji, na mtoto akisikia mkosaji anatafutwa hujificha yeye na kuwaficha rafiki zake.

Baba hakufanya hivyo kwa ubaya. Alijibu hofu yake. Alikuwa Unguja mwaka 2012 makanisa yalipochomwa moto, na alikuwapo Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padri Evarist Mushi alipouawa kwa risasi nje ya kanisa, eneo la Beit el Ras. Hofu ile haikuwahi kuzungumzwa nyumbani. Ilikaa tu, ikazeeka naye. Kijana alikuwa na miaka miwili wakati ule na hakumbuki chochote. Basi mwaka 2025 mtoto aliuliza swali la darasani, na aliyemjibu alikuwa baba wa mwaka 2013. Jirani aliyeleta futari, kwa taarifa, ndiye yule yule aliyekuja kumpa baba pole siku zile.

Watoto wa Kikristo visiwani huulizwa swali hili mapema kuliko wenzao wengi wa bara, na mara nyingi wanaowauliza hawana nia mbaya. Ni maongezi ya watoto wenye dini, wanaojua vizuri walichofunzwa chuo cha Kurani, wanaotaka kujua mwenzao kafunzwa nini. Mtoto anayelileta swali nyumbani ameichagua nyumba. Angeweza kulipeleka kwingine. Hapo ndipo tunapotofautiana kabisa na wazazi wanaoliona swali kama hatua ya kwanza ya kuondoka: mtoto anayeondoka kwa kawaida haagi kwa kuuliza.

Kanisa lenyewe halikulijibu kwa haraka. Mtaguso wa Nikea ulikutana mwaka 325 hasa kwa ajili ya swali la Mwana na Baba, na ule wa Konstantinopoli, mwaka 381, ukaikamilisha Nasadiki, kanuni ya imani inayosaliwa kwenye misa. Kati ya hiyo miwili ni miaka 56, ya maaskofu na wanatheolojia. Kijana wa Kidato cha Pili alipewa dakika nne.

Makosa matatu yaliyofuata, na kwa nini yaliuma zaidi

La kwanza ni simu. Simu haikuhusika na swali, lakini iliondoka mkononi mara tu baada ya swali. Mtoto hujifunza kwa mfuatano: niliuliza, nikanyang'anywa. Kama baba alikuwa na neno kuhusu simu, angelisema siku nyingine, peke yake, na sababu yake.

La pili ni sala. Baba alidhani anamwombea mtoto. Mtoto alisikia anasemwa mbele ya Mungu, mahali ambapo hawezi kujibu. Sala ya namna hii humfanya Mungu kuwa upande mmoja wa ugomvi wa nyumbani, na mtoto akishaona hivyo sala ya jioni humkimbiza. Mwombee mtoto kwa jina na kwa shukrani mbele yake. Vita unavyompigania, vipiganie chumbani kwako mlango ukiwa umefungwa, kama Mathayo 6:6 inavyosema.

La tatu lilikuwa la mama, nalo ni la kwetu hasa: mafumbo. Mama hakumgombeza kijana hata siku moja. Alisema na binti mdogo, kijana akiwa anasikia: "Wengine humu siku hizi wana dini mbili." Akipita na ndoo: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mafumbo ni sanaa, na kanga zetu zimejaa hekima yake, lakini ni silaha ya watu wazima walio sawa. Mtu mzima aliyepigwa fumbo hujibu kwa fumbo. Mtoto hana haki ya kujibu, maana akijibu amekosa adabu, na akinyamaza amekubali.

Paulo aliwaandikia Wakolosai akina baba wasiwachokoze watoto wao, "wasije wakakata tamaa" (Kolosai 3:21). Tunaitilia mkazo sababu aliyoitoa. Hakusema wasije wakaasi. Mtoto aliyekata tamaa hasumbui, na ndiyo maana huchukua muda mrefu kugunduliwa. Katika 2 Samweli 14, Absalomu alikaa Yerusalemu miaka miwili mizima bila kuuona uso wa Daudi baba yake, katika mji mmoja. Kilichofuata kila msomaji wa Biblia anakijua.

Kuwapo nyumbani hakukusaidia

Mvua za masika zilipoingia wageni wakapungua, hoteli ikawapa wafanyakazi likizo. Baba alikaa nyumbani wiki tano, Aprili hadi Mei. Mama alitegemea mambo yatajinyoosha. Hayakujinyoosha, na hili tunalisema kwa sababu wazazi wanaofanya kazi mbali hujilaumu kwa umbali peke yake. Kwa wiki tano baba na kijana walikula sinia moja, na kimya kikawa kizito zaidi kwa sababu sasa kilikuwa cha kila siku.

Siku moja mama, kwa ushauri wa mama wa ubatizo wa kijana, alichukua daftari lake la wateja wanaokopa vitumbua, akafungua ukurasa wa nyuma, na kwa siku tatu akapiga mstari kwa kila sentensi ambayo yeye au mumewe alimwambia kijana. Safu tatu: amri, lawama, mengine. Jumla ilikuwa 31. Amri 26, lawama 4, na moja katika "mengine", nayo ilikuwa "Umekula?" Alilikazia macho daftari lile muda mrefu. Tunapendekeza zoezi hili kwa sharti moja: hesabu ya kwako ujifanyie mwenyewe. Ukimhesabia mwenzako unakuwa umetafuta ushahidi.

Jumamosi tano

Jumapili ya tarehe 15 Juni ilikuwa sikukuu ya Utatu Mtakatifu. Mahubiri yalikuwa juu ya lile lile swali la Machi, na kijana alikuwa benchi la nyuma akiangalia sakafu. Baada ya misa katekista alimwita mama pembeni: "Mama, kijana anaumwa? Jumamosi ya tano hii hatumwoni." Kila Jumamosi, tangu tarehe 17 Mei, kijana alikuwa ameaga, amebeba daftari, ameondoka saa tatu na kurudi saa sita.

Hapa kuna hatua ambayo wazazi huiruka. Mtoto aliyebadilika ghafla, aliyenyamaza, anayekwepa mahali fulani au mtu fulani, kwanza hakikisha hajadhuriwa. Mama alimwuliza wakiwa wawili, kwa maneno ya wazi na bila kumtaja mtu: kuna mtu amekugusa, amekutisha, au amekwambia ufiche jambo? Jibu lilikuwa hapana, na dalili nyingine hazikuwapo. Jibu lingekuwa ndiyo, kisa hiki kingeishia hapa na kingine kuanza: simu ya bure namba 116, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini. Katika jambo hilo mzazi hasuluhishi ndani ya familia, na wala kanisa halisuluhishi ndani ya kanisa.

Jumanne ya tarehe 17 ukaitishwa mkutano wa familia. Baba, mama, baba mdogo kutoka Fuoni, katekista, na mzee mmoja wa jumuiya. Watu wazima watano kwenye makochi, kijana kwenye kigoda. Ulichukua saa moja na nusu, kila mmoja alizungumza vizuri, mistari ya Biblia ilisomwa, na kijana alisema maneno matatu: "Nimekosa. Naomba mnisamehe." Wakaridhika, wakasali, wakanywa chai na mkate wa boflo. Kuhusu kule alikokuwa akienda, na kwa nini, hakuna aliyejua zaidi ya alivyojua asubuhi. Mkutano wa namna ile unafaa kuwapatanisha watu wazima waliogombana. Kwa mtoto mmoja ni mahakama, na mtoto mwenye akili hukiri haraka ili mahakama ifungwe.

Jinsi mambo yalivyotengenezwa

Kazi ilianza kwa wazazi wawili peke yao. Baba akiwa Kiwengwa, walizungumza kwa simu usiku, dakika ishirini, wakakubaliana mambo matatu: mafumbo yakome siku ile ile, aliyevunja ndiye aanze kujenga, yaani baba, na kosa la kudanganya Jumamosi tano lishughulikiwe mbali na swali la Machi, lisije likameza. Hilo la tatu ndilo gumu. Wazazi wengi wakishapata kosa la mtoto hulishika kwa mikono miwili, kwa sababu linawapunguzia la kwao.

Jumanne ya tarehe 24 Juni baba alimwomba radhi. Walikuwa wamesimama uani, hakumkalisha chini. Maneno yalikuwa haya: "Mwanangu, ile siku ya Ramadhani uliniuliza swali, nami nikakugombeza. Nilikosea. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu haikuwa kosa lako. Na ile sala ya usiku, nayo nilikosea. Nisamehe." Akaishia hapo. Akamrudishia simu.

Maneno yale yana mambo manne ndani yake. Kosa limetajwa kwa jina, halikuitwa "yaliyotokea". Hakuna "lakini", neno hilo likiingia, yote yaliyotangulia hufutika na mtoto husikia linalofuata tu. Hakudai jibu. Na hakuunganisha radhi na Jumamosi tano. Kijana alisema "Haya baba," akachukua simu, akaenda zake. Baba aliyezoea kuona matunda papo hapo angevunjika moyo, na wengi hapa ndipo huharibu kwa kuongeza, "Ina maana huna la kusema?" Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi sisi kwa sisi, na haikuwatoa akina baba. Kuhusu hofu kwamba baba akiomba radhi atashuka heshima: mtoto alikwisha kujua kwamba baba amekosea. Lililokuwa jipya kwake ni kwamba baba naye anajua.

Mahali palipofaa palikuwa jikoni uani, kwa sababu baba ni mpishi. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamtaka mzazi azungumze na watoto wake aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo, na mote humo hakuna kumweka mtoto mbele yako umkodolee macho. Ushauri wa kumwangalia mtoto machoni unapozungumza naye umetoka kwingine. Kwetu mtoto akitazamwa machoni na baba yake anajua kuna kesi, na yeye kumtazama mzee machoni amefunzwa kuwa ni ujeuri. Kaeni ubavu kwa ubavu, mikono ina kazi, macho yana pa kwenda.

Basi Jumanne baba alirudi sokoni Mwanakwerekwe na pweza au samaki, na kijana akapewa nazi mbili. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kifuu mkononi, akikuna, tui lije lipikiwe. Tarehe 1 Julai, tarehe 8, tarehe 15: hapakuwa na neno la dini. Waliongea pweza apondwe kiasi gani, nani kafunga goli, mgeni gani hotelini kaomba ugali wa asubuhi. Jumanne tatu nzima. Mama aliona wakati unapotea. Hakuna kilichokuwa kinapotea. Kisima kilichofukiwa huanza kwa kutoa mchanga. Mithali 20:5 inasema mashauri ya moyoni mwa mtu ni kama maji ya vilindi, lakini mtu wa ufahamu atayateka, na mteka maji anajua kamba fupi hairudi na kitu.

Siku za katikati ya juma baba alimtumia ujumbe wa sauti, chini ya dakika moja, na sharti alilojiwekea lilikuwa kwamba ndani yake kusiwe na agizo lolote. "Leo tumeunguza wali wa watu themanini, mpishi mkuu nusura alie." Ujumbe wa aina hiyo mtoto huusikiliza mara mbili.

Tarehe 22 Julai nazi ya pili ilikuwa nusu. Sauti ya mbuzi ikaanza kwenda polepole, kisha ikasimama. Baba alikuwa akikata vitunguu. Hakuinua kichwa, na huo ndio ustadi wote wa siku ile.

"Baba, zile Jumamosi nilikuwa nakaa Mnazi Mmoja, naangalia mpira."

"Uhm."

"Si kwamba sitaki mafundisho. Katekista alisema siku ya kipaimara Askofu atatuuliza mnasadiki, nasi tuitike nasadiki. Mimi sijui kama nasadiki. Nikaona nitamdanganya Mungu mbele ya Askofu."

Baba alihesabu moyoni mpaka kumi. Kisha akarudisha aliyoyasikia kwa maneno ya mtoto mwenyewe: "Uliogopa kusema nasadiki na huku hujui."

"Ndiyo baba."

"Tangu lini umelibeba?"

"Tangu Kwaresima."

Miezi minne. Wazazi walikuwa wakimtafuta mtoto anayeikimbia imani, na kumbe walikuwa na mtoto aliyekataa kusema uongo madhabahuni, akadanganya nyumbani ili asidanganye kanisani. Uongo wa nyumbani ulibaki kuwa uongo, lakini hakuna mtu ambaye angeujua mzizi wake kwa mkutano wa watu watano. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu yule ajibuye kabla hajasikia, na kusikia kulichukua mwezi mzima kasoro siku mbili tangu ile radhi ya uani.

Baba alisema, "Jibu sina leo. Nitakwenda kwa padri, Jumanne nitakuja nalo." Watu hudhani kusema sijui kunamwangusha baba. Kinachomwangusha ni kuahidi Jumanne halafu Jumanne ikapita. Injili ya Yohana inasema Tomaso alisema hataamini asipoona, na baada ya siku nane Yesu akaja tena, akaanza na lile lile alilolisema Tomaso (Yohana 20:26-27). Jumanne hadi Jumanne, ukihesabu zote mbili, ni siku nane.

Jibu, na kipimo chake

Padri alimpa baba onyo kabla ya jibu: peleka jambo moja, hata kama umejifunza kumi. Mzazi aliyesoma wiki nzima hutaka kumimina, na mtoto hufunikwa.

Tarehe 29 Julai, nazi zikiwa mkononi, baba alianza na swali la wenzake wa skuli. Kanisa halifundishi kwamba Mungu alizaa kama watu wanavyozaa, kwa mwili. Yohana anapomweleza Mwana haanzi na Bethlehemu, anaanza na Neno: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Neno lako linatoka kwako, wala wewe hujawa watu wawili. Akaongeza kwamba mfano huo una mwisho wake, na fumbo ni kubwa kuliko mfano. Dakika tano, basi. Kuhusu kuwajibu wenzake, alimpa sentensi mbili: "Sisi hatusemi Mungu alizaa kama watu. Na mimi bado najifunza." Mtoto asigeuzwe mhadhiri wa baraza. 1 Petro 3:15 inataka tuwe tayari kumjibu kila mtu anayetuuliza habari za tumaini letu, na haiishii hapo; inamalizia kwa upole na kwa hofu.

Kuhusu nasadiki, baba alimpa kijana Biblia aisome mwenyewe, Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kijana akauliza nani aliyesema. Baba akasema, "Soma juu yake." Alikuwa ni baba wa mtoto mgonjwa. Kijana alikaa kimya na kifuu mkononi, kisha akasema, "Kumbe ni baba mtu."

Jumamosi tano zilishughulikiwa wiki iliyofuata, fupi na bila hotuba. Kijana alikwenda mwenyewe kwa katekista kueleza. Baba alimsindikiza mpaka getini tu. Masomo matano akayalipa. Alipoulizwa kama yuko tayari kwa kipaimara aliomba asubiri mwaka, na wazazi wakakubali. Mama ilimwuma, kwa sababu ndugu wa bara walikwisha kuambiwa na kitambaa kilikwisha kununuliwa. Alikikunja kitambaa akakiweka sandukuni, wala hakumpigia mtu fumbo.

Lilibaki la funga. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, aliyetimiza miaka 14 anapaswa kujinyima nyama siku zilizowekwa, na wajibu wa kufunga huanza mtu akitimiza 18 na huisha anapoingia mwaka wa 60. Kijana alikuwa ametimiza 14 Januari ile ile. Kanisa lake lilikuwa na nafasi yake katika Kwaresima, na hakuna aliyemwambia. Akaona wenzake wana mwezi wao, wana daku yao, wana furaha ya magharibi, naye akatamani kuwa mtu anayefunga. Baba alimweleza hivyo mwezi wa Septemba, na akakiri kwamba nyumba ile haikuwahi kufunga pamoja.

Kijana alichukua simu akafungua kalenda. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ilitazamiwa kuandama siku hiyo hiyo au ya pili yake.

"Baba, basi tutaanza nao pamoja."

"Jumatano hiyo nitaomba ruhusa kazini," baba akasema, "na jioni tutapeleka sahani sisi."